Chumba cha hisi Kisauni: shajara ya mradi

11 Januari 2025: Chumba, watu na fedha

Shajara hii ni ya kikundi chetu cha wazazi na walimu wa kujitolea hapa Kisauni, Mombasa, tunaotengeneza chumba cha hisi: mahali ambapo watoto na vijana wenye ulemavu wanastarehe na kuvinjari kwa kuona, kusikia, kugusa, kunusa na kubembea. Tunaiandika ili kikundi kingine, kiwe Likoni, Changamwe au hata Malindi, kiige kilichofaa na kisilipe tena gharama tulizokwisha kulipa sisi. Majina ya watoto na vijana wetu hatutayataja. Umri na hali vinatosha.

Tumepewa chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa, mita 4 kwa mita 3 na nusu, paa la mabati, dirisha moja linalotazama barabara ya matatu. Wanaokuja Jumamosi ni 11. Mdogo ana miaka 4, mkubwa ana 26. Wapo wenye usonji, wapo wenye mtindio wa ubongo wasioweza kukaa bila kuegemezwa, yupo msichana asiyeona, na wanne wana kifafa. Fedha za mchango ni shilingi 60,000.

Kazi ya kwanza ilikuwa rangi: mabati nje tumeyapaka nyeupe kupunguza joto, kuta ndani rangi ya maziwa bila picha. Wazazi wawili walitaka katuni ukutani, tukakubaliana zisiwepo, kwa sababu mtoto anayelemewa na vitu vya kuona hana pa kupumzisha macho ukuta ukijaa.

Kilichotushughulisha zaidi ni feni. Chumba kilikuwa na feni ya dari yenye mapanga matatu, na taa iko juu yake. Mama mmoja aligundua kwamba feni ikiwaka kivuli kinapitapita sakafuni, na mwanawe mwenye kifafa anakikodolea macho bila kupepesa. Tukapiga hesabu. Mapanga matatu yakizunguka mara 200 kwa dakika, mwanga hukatwa mara 600 kwa dakika, yaani mara 10 kila sekunde. Kwa wenye kifafa kinachochochewa na mwanga, mmweko wa kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde ndio wa hatari zaidi. Feni ya dari tumeiondoa siku hiyohiyo, tukafunga ya ukutani, na taa ikashushwa ukutani pia. Si kila mwenye kifafa hudhurika na mwanga, lakini hatuna sababu ya kubahatisha.

Gharama: rangi 5,200, feni ya ukutani 3,800.

25 Januari: Daftari kabla ya kununua

Tumekaa na wazazi mmoja mmoja kujaza daftari. Kila mtu ana kurasa zake zenye maswali matatu tu: nini kinamvuta, nini kinamkimbiza, na akichoka anaonyeshaje. Swali la tatu ndilo gumu. Wazazi wanajua kilio, lakini kabla ya kilio kuna dalili ndogo: kupiga miayo, kugeuza uso, masikio kuwa mekundu, vidole vya miguu kujikunja, kucheka kusikokoma. Kicheko ndicho kinachowadanganya wengi. Mtoto anacheka, sisi tunaongeza, kumbe ameshazidiwa.

Watu wengi huhesabu milango mitano ya fahamu. Katika kazi hii kuna hisi nyingine mbili ambazo ukiziacha hutaelewa chochote: hisi ya mizani, iliyo ndani ya sikio, inayompa mtu habari za mwendo na kuegemea, na hisi ya misuli na viungo, inayomjulisha mkono wake uko wapi hata akifumba macho. Mtoto anayejizungusha uani kutwa, au anayejibamiza ukutani na kupenda kubanwa na mito, mara nyingi anazitafuta hizi mbili.

Kijana wetu wa miaka 26 ana usonji na haongei. Nyumbani alikuwa akisukuma watu, na majirani wakamwita mkorofi. Daftari limeonyesha kwamba siku anazomsaidia ami yake kusukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, hamsukumi mtu yeyote hadi jioni. Misuli yake inataka kazi nzito. Kwa hiyo kifaa chake cha kwanza hakikununuliwa: tumempa kazi ya kuvuta magodoro na kupanga mitungi kila tunapofungua chumba.

Neno kuhusu asili ya vyumba hivi, kwa sababu wazazi wameuliza kama ni tiba. Vilianzia Uholanzi miaka ya 1970, kwa kazi ya Jan Hulsegge na Ad Verheul katika kituo cha De Hartenberg. Nia yao ilikuwa mtu mwenye ulemavu mkubwa apate mahali pa kustarehe na kuvinjari bila kudaiwa matokeo. Nadharia ya A. Jean Ayres, Mmarekani mtaalamu wa tiba kazi (tiba ya kumwezesha mtu kufanya shughuli zake za kila siku), ni jambo jingine. Yeye alieleza jinsi ubongo unavyopanga habari za hisi, na tiba inayofuata nadharia yake huendeshwa na mtaalamu aliyefunzwa. Chumba chetu ni cha aina ya kwanza. Hatuponyi usonji wala mtindio wa ubongo, na anayewaahidi wazazi hivyo anawala fedha zao.

8 Februari: Bembea

Bembea imetula fedha kuliko kitu kingine chochote.

Wazo la awali lilikuwa kuning'iniza kulabu kwenye boriti ya paa. Fundi alipanda, akagonga kwa nyundo, boriti ikatoa unga. Mchwa wamekula katikati, nje panaonekana pazima. Yeyote anayeiga asiamini boriti ya nyumba ya zamani kwa macho. Bembea inapanda na kushuka, na uzito unaovuta kamba si uzito wa mtu peke yake. Mtu akibembea mpaka kamba ilale sambamba na ardhi, akipita chini mvuto kwenye kamba hufika mara tatu ya uzito wake. Kijana wa kilo 60 huvuta kama kilo 180.

Tukachomelea fremu ya mabomba ya chuma ya inchi 2, miguu minne iliyotanuka, inayosimama yenyewe bila kugusa paa. Tuliijaribu kwa magunia ya mchanga tukiyabembeza kwa nguvu, kisha watu wazima wawili wakakaa pamoja, ndipo mtoto akapanda. Chini tumetandika magodoro ya povu zito.

Kulabu za kwanza tulizinunua duka la vifaa vya ujenzi. Kabla mwezi haujaisha zilikuwa nyekundu kwa kutu, na kiungo cha kuzunguka kilianza kulia kila bembea ikigeuka. Hewa ya bahari haina huruma na chuma. Ule mlio uliwafukuza watoto wawili kabisa, wakawa hawaingii chumbani hata bembea ikiwa imesimama. Tulipata suluhisho katika duka la vifaa vya mashua: pete na kiungo cha kuzunguka vya chuma kisichoshika kutu. Bei ni karibu mara tatu, lakini vimetengenezwa kwa maji ya chumvi. Mjini kwetu anzeni huko moja kwa moja.

Kiti ni kitambaa cha laikra, kile kinachovutika, kilichokunjwa mara mbili, kinachomzunguka mtu na kumbana pande zote. Kwa mwenye misuli legevu ni bora kuliko ubao, kwa sababu kinamshika. Sheria tulizoandika ukutani: kubembea mbele na nyuma kwa utaratibu hutuliza, kuzungusha huamsha, hatumzungushi mwenye kifafa, mwenye nyonga iliyoteguka au aliyefanyiwa upasuaji wa kichwa hapandi bila ruhusa ya daktari wake, akipauka, akitoka jasho la ghafla au akipiga miayo, tunasimamisha. Athari ya kuzungushwa haikomi bembea inaposimama, inaweza kumfuata mtu mpaka nyumbani, kwa hiyo tunamwambia mzazi alichofanya mwanawe.

Gharama: fremu na kuchomelea 11,400, kulabu zilizooza 900, vifaa vya mashua 2,600, laikra 1,500, magodoro 7,000.

22 Februari: Mabeseni ya kugusa na sanduku la vifuu

Mabeseni tuliyajaza mchele uliotiwa rangi, pojo, mchanga wa pwani na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Mchele ulishika unyevu na kunuka. Pojo zikaingia fukusi. Mchanga ulikuwa na vipande vya kombe vikali, na chumvi iliyobaki iliwawasha wenye michubuko. Tumeubadili kwa mchanga wa mto uliochekechwa, ukaoshwa, ukakaangwa kwenye sufuria kubwa hadi ukauka. Nafaka tumeziacha kabisa. Tuna watoto wanne wanaotia kila kitu kinywani, na punje ndogo ni hatari ya kukaba. Tulitaka pia kutumia mbegu za mbuyu zilizokwisha kumung'unywa, ngumu na nzuri mkononi, lakini kwa mtoto wa Mombasa mbegu ya mbuyu ni ya kuliwa. Huwezi kumweleza kwamba leo ni ya kuchezewa.

Makumbi yamefaa, na vipande vya jamvi, kamba ya usumba, leso mpya yenye wanga bado na leso iliyochakaa ikalainika. Tumevishona kwenye ubao mmoja mrefu wa kutembezwa mkono au mguu.

Msichana asiyeona, wa miaka 9, ana mtindio wa ubongo pia. Siku ya kwanza tulimshika viganja tukavitia mchangani, na akavikunja ngumi. Hata wiki iliyofuata hakutaka mtu amguse mikono. Mtu asiyeona hutumia mikono kama wewe unavyotumia macho. Kumkamata na kumpeleka kwenye kitu asichokijua ni sawa na kumlazimisha kutazama. Tulibadilisha kwa njia wanayotumia walimu wa wasioona: mkono wa mwalimu unatangulia chini, wake unapanda juu ya wa mwalimu, na akitaka anateleza kidogo kidogo hadi kidole chake kiguse. Akitaka kuondoa, anaondoa. Ilichukua subira, lakini sasa ananyoosha mkono mwenyewe akisikia beseni likiwekwa.

Kwa ajili yake pia tumetengeneza sanduku la plaiwudi lisilo na upande mmoja, la kulalia ndani. Wazo ni la Lilli Nielsen wa Denmark, aliyefanya kazi na watoto wasioona wenye ulemavu mwingine. Vitu vinaning'inia karibu na mikono na miguu, na kila akijitikisa kidogo tu kitu kinagusika au kinalia. Vyetu ni vifuu viwili vilivyosuguliwa, kijiko cha chuma, funguo kuukuu, kipande cha ukili na njuga. Ugumu ulikuwa urefu wa kamba. Zikiwa ndefu zinaweza kumzunguka shingo, zikiwa fupi hafiki. Tumetumia mpira mfupi badala ya kamba, unavutika ukirudi mahali pake. Vitu havibadilishwi kila wiki, kwa sababu asiyeona anajenga ramani ya mahali kila kitu kilipo, na ukivihamisha unamfutia. Na mtu mzima anakaa karibu, kimya. Kunyamaza kumekuwa kugumu kuliko useremala. Akigusa kifuu, sote tunataka kupiga makofi, na makofi yetu yanamtoa kwenye kazi yake.

Gharama: 2,150 pamoja na plaiwudi ya mabaki.

8 Machi: Harufu

Ramadhani imeingia, vipindi vimehamia asubuhi kabla ya joto, na wanaofunga wanapata nafasi ya kupumzika mchana.

Tulijaribu udi. Moshi ulimkohoza mtoto mwenye pumu, na kwa chumba chenye dirisha moja haufai kwa mtu yeyote. Mafuta ya karafuu nayo tumeyaweka kando, kwa kuwa yakigusa ngozi bila kuchanganywa huunguza. Tunatumia vitu vikavu ndani ya vikopo vyenye kifuniko cha matundu: iliki, mdalasini, maganda ya chungwa, na asumini mbichi akileta mtu. Kikopo kimoja kwa kipindi. Tulipofungua vitatu kwa mfululizo hakuna aliyeonyesha kutofautisha.

Matumizi bora ya harufu yalitoka kwa bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake: tawi la mrihani mlangoni wakati wa kuingia, kila mara, na maganda ya chungwa wakati wa kuondoka. Mjukuu haelewi maneno "tunaenda nyumbani", na kila kuondoka kulikuwa vita. Sasa akinusishwa chungwa anajua kinachofuata. Bado anakasirika mara nyingine, lakini hashtuki. Tumeupitisha utaratibu huo kwa wote.

Gharama: 600.

22 Machi: Nguzo ya mapovu na kukatika kwa stima

Nguzo za mapovu za kiwandani, zile za bomba refu lenye maji, taa na hewa, huagizwa nje na bei yake inazidi bajeti yetu yote. Yetu ni chupa ya maji ya lita 20, pampu ya hewa ya tangi la samaki, kijiwe cha hewa chini (chenye vitundu vinavyotoa mapovu), na ukanda wa taa wa volti 12 kuzunguka kitako.

Iliwaka vizuri asubuhi. Stima ilipokatika, maji yalirudi nyuma kupitia mrija wa hewa, yakaingia kwenye pampu iliyokuwa sakafuni, na stima iliporudi pampu ikafa. Fizikia yake ni rahisi: hewa ikiacha kusukuma, maji yaliyo juu hushuka kwenda chini, na pampu ndiyo iliyokuwa chini. Marekebisho ni mawili na yote yafanywe. Pampu iwekwe kwenye rafu iliyo juu kuliko usawa wa maji, na katikati ya mrija iwekwe vali ya njia moja, inayouzwa palepale penye samaki wa mapambo kwa shilingi 150. Kwa mji ambao stima hukatika hivi, pampu sakafuni ni mtihani wa kila wiki.

Maji ya kisima yaliacha ukoko mweupe kwenye kijiwe cha hewa na mapovu yakawa machache. Tumetia maji ya kunywa. Yakaanza kuwa ya kijani kwa jua la dirishani, tukaihamisha pembe ya ndani. Chupa iliyojaa ni kilo 20, kwa hiyo imefungwa ndani ya kasha la plaiwudi lililokazwa ukutani. Hakuna waya wa stima ya ukutani unaofikiwa na mkono wa mtoto. Kinachoshuka chini ni volti 12 tu.

Taa za ukanda huja na rimoti yenye miondoko mingi, mingine ya kuwaka na kuzima haraka. Tumeiondoa rimoti chumbani. Rangi moja, haibadiliki mpaka tuibadilishe wenyewe.

Na imefaa? Kwa watatu, sana. Mmoja anaweka shavu kwenye chupa na kutulia kwa mtetemo. Wengine hawaitazami.

Gharama: chupa 900, pampu mbili 3,600, vali 150, taa na adapta 1,400, kasha 2,700.

19 Aprili: Masika juu ya mabati

Mvua kubwa ya kwanza ilitufunza kwamba chumba kizuri cha Januari si chumba cha Aprili. Mvua ikipiga mabati hamsikilizani. Watoto wawili wenye usonji waliziba masikio wakapiga kelele, mmoja akajiuma mkono. Tulifunga chumba mpaka tupate dari.

Tulifikiria makuti chini ya mabati, tukaacha kwa sababu ya moto na wadudu. Tumepiga dari ya mbao laini, zile ambazo mafundi huita sofbodi, na kati ya dari na bati tukaacha nafasi yenye matundu pande mbili ili joto litoke. Mvua bado inasikika lakini kwa mbali. Joto la mchana limepungua pia, jambo ambalo hatukulitarajia. Kama mngekuwa na fedha za kitu kimoja tu kwenye chumba cha mabati, tungewaambia dari, kabla ya taa na kabla ya bembea.

Pia tumenunua vifunika masikio vya mafundi wa ujenzi, jozi tatu. Vinaning'inia mlangoni na anayetaka anachukua. Havivaliwi kipindi kizima, kwa sababu mtoto akivizoea kutwa hata sauti ndogo humuuma anapovivua.

Blanketi zito, linalosifiwa sana kwa kutuliza, limeshindikana hapa. Tulishona moja la kokoto ndogo kwa mtoto mwenye usonji, naye baada ya dakika chache alikuwa amelowa jasho. Halijoto na unyevu wa pwani haviruhusu. Tumelikata likawa mito miwili midogo ya mapajani, na hiyo inapendwa. Masharti hayabadiliki: mtu aweze kuitupa mwenyewe, isiwekwe kifuani wala karibu na uso, asiachwe peke yake nayo.

Gharama: dari na fundi 12,600, vifunika masikio 1,350, blanketi na mito 700.

10 Mei: Swichi

Mpaka hapa karibu kila kitu chumbani kilikuwa kinaendeshwa na sisi. Sisi tunawasha, sisi tunabembeza, sisi tunaamua basi. Anayeweza kutembea hukimbilia anachotaka. Asiyeweza hungoja. Kuna msichana wa miaka 14 mwenye mtindio wa ubongo, mikono imekakamaa, haongei, anaelewa kila neno la Kiswahili unalomwambia. Katika kurasa zake za daftari tuliandika "anapenda feni", kwa sababu anatabasamu upepo ukimpiga. Tumekuwa tukimwelekezea feni miezi minne.

Swichi ya kwanza tulitengeneza kwa vipande viwili vya plaiwudi, karatasi ya fedha ya jikoni ndani, na sifongo yenye tundu katikati. Ukibonyeza, karatasi mbili zinagusana na feni ndogo ya volti 12 inawaka kwa betri. Ilifanya kazi kwa wiki chache, kisha ikawa inakubali leo, inakataa kesho. Tulipoifungua karatasi ilikuwa na madoa meupe ya kutu ya alumini, kwa unyevu na jasho la mkono. Swichi inayokataa mara moja moja ni mbaya kuliko kukosa swichi. Mtu anajitahidi kwa mwili wote, mkono unafika, na hakuna kinachotokea. Baada ya hapo anaacha kujaribu, nasi tunaandika kwamba hana hamu.

Ya pili ni kitufe kikubwa cha mashine za michezo, cha upana wa kama sentimita 10, chenye swichi ndogo iliyofungwa ndani ambayo hewa haiifikii kwa urahisi. Tumekikaza juu ya ubao wenye mteremko, na ubao umefungwa kwa mikanda kwenye kiti chake. Tumetia fyuzi kwenye waya wa betri.

Pahali pa kuweka kitufe palitusumbua kuliko umeme. Mkono wa kulia ndio tuliouona ukisogea zaidi, lakini ukisogea, kichwa kinageuka kushoto naye haoni feni. Mtaalamu wa tiba kazi aliyetutembelea alitushauri kujaribu goti. Goti lake la kushoto lina mwendo mdogo lakini anautawala. Kitufe sasa kipo pembeni mwa goti.

Jambo la pili ni kungoja. Kati ya kumwambia "ukitaka upepo, bonyeza" na goti kusogea hupita muda mrefu, pengine dakika nzima, na katika muda huo kila mtu chumbani anatamani kurudia maneno. Ukirudia, anaanza upya. Tumekubaliana kusema mara moja na kufunga mdomo.

Aliwasha. Feni ikampiga usoni, akatabasamu kama kawaida. Kisha akaachilia goti, feni ikazima, na hakuiwasha tena. Mama yake alisema amechoka. Tukasogeza feni impige miguuni, naye akaiwasha papo hapo na kuiacha iwake. Tukairudisha usoni, akazima. Upepo wa usoni hakuupenda. Lile tabasamu tulilolisoma miezi minne kama furaha ni misuli ya uso inayokaza anaposhtuliwa na upepo. Mama yake alikaa chini pale sakafuni akalia, akamwomba mwanawe radhi. Mtoto akamtazama muda mrefu, kisha akawasha feni ya miguu.

Tumerudi kwenye daftari lote na kufuta kila "anapenda" isiyo na ushahidi wa mtu kuomba, kurudia au kukataa mwenyewe. Zimefutwa nyingi.

Gharama: swichi ya kwanza 250, vitufe viwili 700, betri 2,400, feni ndogo 1,100, waya na fyuzi 400.

14 Juni: Vijana si watoto

Watu wazima watatu katika kikundi walikuwa wakipewa njuga za watoto wachanga na nyimbo za chekechea. Ulemavu wa akili haufanyi mtu wa miaka 24 kuwa na miaka 3. Ana ndevu, ana miaka yake, na watu wanaomwona akichezea njuga humtendea kama mtoto.

Tumebadilisha vifaa bila kubadilisha hisi. Badala ya njuga, kayamba, ile ya matete na mbegu wanayopiga Wamijikenda: inalia, inatetemeka viganjani, na mtu mzima akiishika hakuna anayemshangaa. Badala ya povu la kuchezea mezani, povu la kunyolea, taratibu shavuni, kwa brashi, mbele ya kioo, kisha kunyolewa na kupakwa mafuta. Kijana mmoja asiyevumilia kuguswa uso aliikataa brashi, akakubali taulo la moto likandamizwe. Mguso mwepesi humkera, mkandamizo humtuliza, na kinyozi wa mtaani ameelezwa hivyo ili asimpapase. Mwingine amepewa kitufe cha pili kilichounganishwa na spika, anawasha na kuzima taarabu anavyotaka. Wenzake wanalalamika kwamba harudishi zamu, nasi tunalifanyia kazi.

Gharama: kayamba, vifaa vya kunyolea na spika ya mtumba, 2,400.

28 Juni: Hesabu

Jumla imefika shilingi 65,800. Zilizozidi mchango ni 5,800, na zimelipwa na akina mama kwa mauzo ya mahamri na viazi karai. Kati ya fedha zote, kulabu za kwanza, pampu ya kwanza na swichi ya karatasi, jumla 2,950, ni hasara ambayo mkisoma shajara hii hamna haja ya kuipata.

Kinachoendelea kugharimu kila mwezi ni maji ya chupa, sabuni ya kufulia laikra na leso, na kuchaji betri. Bembea hukaguliwa kila Jumamosi kabla ya mtu kupanda: pete, kushona, miguu ya fremu. Kitambaa kikianza kuonyesha mwanga kwenye mshono kinabadilishwa, hakishonwi.

Kazi iliyo mbele ni vitufe kwa wengine wanne wasiotembea, mmoja akitumia kichwa na mmoja kidole cha mguu, na kutafuta njia ya kuunganisha kitufe na bembea, ili anayebembezwa aweze kusema "simama" kwa kengele yake mwenyewe. Kengele ya mlango ya betri tumeshainunua. Bado hatujapata jinsi ya kuikaza kwenye laikra bila waya kumkwaruza. Fundi anakuja Jumamosi ijayo na sampuli ya mfuko wa kushonea, na tutaandika hapa matokeo yake.